Dumu la Pili la Asidi

Mwanaidi, aliyeshika nafasi yangu, ndiye aliyenisukuma niandike. Aliniambia: "Bi Rukia, haya unayotusimulia wakati wa chai, yaandike hivyo hivyo. Wenzetu wa skuli nyengine nao wasome." Nikamwambia mimi si mwandishi. Akasema hataki mwandishi, anataka mtu wa maabara. Basi nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu fundi wa maabara ya skuli hana vyeo vya kujaza ukurasa. Mshahara nao mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi tu.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni hii: mwalimu wa kemia au fizikia anapoingia kufundisha, vitu viwe mezani, visafi, vizima, na dawa ziwe zimechanganywa kwa kipimo sawasawa. Mambo yakienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwapo. Yakienda vibaya, skuli nzima inakujua jina.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuoni na cheti kipya, nakaa kwetu Mkunazini. Skuli iko mtaa wa Ng'ambo, nikenda kwa miguu. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita za saruji, na mwenye maabara alikuwa Bwana Nassor, mtu mwembamba wa Malindi ambaye babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu na yeye mwenyewe alikuwa na koti jeupe moja. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bwana Nassor."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu, "Naam, nnajua."

Akamimina maji ndani ya silinda ya kupimia, akaiweka mezani. "Soma."

Nikaangalia. "Hamsini."

"Umesimama wima kama mlingoti. Inama, jicho liwe sawa na maji."

Nikainama. Uso wa maji ndani ya kioo haukuwa bapa, ulikuwa umebonyea katikati. Sehemu ile ya chini iliyobonyea Bwana Nassor akiiita tumbo la maji. Jina la vitabuni ni jengine, lakini mimi nimewafundisha watoto la kwake, na sijaona aliyelisahau. Tumbo la maji lilikuwa kwenye arobaini na tisa.

"Sasa unajua kusoma," akasema. Kisha akanipa silinda ishirini, kila moja na maji yake, akaniambia niandike zote. Wiki nzima ya kwanza sikufanya kazi nyengine. Jioni narudi nyumbani, mama ananiuliza leo nimefanya nini kazini, namwambia nimesoma maji. Akawa ananitazama kwa huruma.

Wiki ya pili nikapandishwa kuosha vyombo, na siku ya tatu nikavunja pipeti, ule mrija wa kioo wa kuvutia dawa. Nikangoja kufokewa. Bwana Nassor akatoa daftari lililoandikwa juu yake Vilivyovunjika. Lilikuwa na safu tatu: kitu, aliyevunja, na kwa nini. Kwenye safu ya tatu nikaandika: kimeniponyoka. Akaifuta.

"Kila kitu kinachovunjika kimeponyoka. Kwa nini kimeponyoka?"

"Mikono ilikuwa na sabuni."

"Andika hivyo. Na mwenzako akisoma, ataosha mikono kwanza."

Lile daftari ndilo lililonifunza kazi kuliko cheti changu. Ukurasa wa kwanza kabisa, kitu cha kwanza kilichovunjika, aliyekivunja ni Nassor mwenyewe. Sababu: nilikuwa nikijionyesha kwa mkaguzi.

Jambo la pili alilonifunza ni maji. Maji ya kisiwa hiki yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana chumvi. Kwa kunywa hayana neno, lakini kwa kemia ni balaa. Kuna dawa ambayo ukiitia kwenye kitu chenye chumvi inageuka nyeupe kama tui. Mwaka wangu wa kwanza, mwalimu mmoja mgeni alichanganya dawa zake kwa maji ya bomba. Darasa zima likapata nyeupe, katika kila chupa, hata ile yenye maji matupu. Mwalimu akawaambia wanafunzi kwamba kila kitu duniani kina chumvi, wakaandika. Bwana Nassor akangoja mwalimu atoke, akaingia, akawaambia wafute. Tangu hapo, mimi na yeye tukitengeneza maji safi kwa birika la umeme na mpira uliopita ndani ya beseni la maji baridi, tone baada ya tone. Lita tano ni kazi ya siku nzima. Wakati wa masika tukikinga ya mvua, tukasema Alhamdulillah.

Jirani yetu upande wa pili wa ukumbi alikuwa Maalim Ussi, mwalimu wa hesabu, mtu wa Makunduchi, rika langu. Tuligombana kabla hatujajuana vizuri. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa hawawezi kupunguza ukali wa dawa, kwa sababu hawajui uwiano. Nikenda kumwambia.

"Maalim, watoto wako hawajui uwiano."

"Wanajua. Jana wamefanya maswali kumi, wamepata."

"Kwangu hawajui."

"Basi kwako ndiko kuna kasoro."

Tukaenda hivyo muhula mzima, mpaka siku moja nikamwambia alilete darasa lake maabara, kipindi kimoja tu. Alikuwa hapendi kitu chochote mkononi isipokuwa chaki, lakini akaja. Mezani nilikuwa nimeweka jagi la ukwaju mzito na maji ya kunywa, na vikombe vya nyumbani, maana vya maabara havinywewi. Nikawaambia: tengenezeni sharubati, sehemu moja ya ukwaju kwa nne za maji. Nusu ya darasa walitia ukwaju kikombe kimoja na maji mpaka jagi likafika kikombe cha nne. Wengine wakatia maji vikombe vinne juu ya ule mmoja. Wakaonja. Sharubati mbili tofauti, na kila upande unaapa kwamba wao ndio sahihi.

Maalim Ussi alisimama na kikombe mkononi, akanywa hii, akanywa ile. "Hawa wote wangepata swali langu," akasema polepole.

Kuanzia siku ile tukawa tunafundisha pamoja mara moja kwa wiki. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona wanafunzi wakikataa kutoka kwenye kipindi cha hesabu, ingawa ukwaju ulichangia.

Bwana Nassor alistaafu mimi nikiwa na watoto wawili. Hakutaka sherehe. Aliniachia koti, ambalo halikunitosha, na maneno machache: "Pima kabla. Pima baada. Siku unayojiamini, pima mara mbili." Nikayaandika ndani ya mlango wa kabati kwa kalamu ya wino mzito. Yapo mpaka leo.

Miaka ikapita. Nimeona mitaala ikibadilika, na kila uliokuja ulitangazwa kuwa ndio utakaoleta wanasayansi. Nimeona tukiletewa mashine ya kuonyesha picha ukutani, ili watoto watazame majaribio bila kuyafanya. Ilikuwa nzuri umeme ukiwapo. Watoto walijifunza kwamba katika sinema jaribio halikosei hata siku moja, na hilo ni fundisho baya kuliko kukosa mashine.

Mwaka mmoja akaja skuli mhandisi wa hoteli moja kubwa ya pwani, Bwana Petro, mtu wa bara, ana mtambo unaogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Wazee wa kijiji kilicho jirani na hoteli walikuwa wanalalamika kwamba mafundi wake wote wanatoka nje ya kisiwa. Alikuja kujieleza, na nafikiri alikuwa ameshachoka kujieleza.

"Bi Rukia, vijana wa hapa niliwahi kuwaajiri," akaniambia. "Wana bidii, wana adabu. Lakini geji ya shinikizo inasoma moja nukta nne, kijana ananiandikia kumi na nne. Nikiuliza, anasema ile nukta haikuonekana muhimu. Mtambo ule ukifika kumi na nne, unapasuka."

Vijana wale wangeweza kuwa wangu. Nikamwomba jambo moja: niwalete wanafunzi wauone mtambo. Akakubali. Nikaenda na kidato cha tatu, wasichana kwa wavulana. Bwana Petro alipoona nusu ya kundi ni wasichana, akasema, kwa wema kabisa, kwamba wasichana wanaweza kupelekwa kuona mapokezi na jikoni wakati wavulana wanakwenda kwenye mashine.

Msichana mmoja mfupi, amevaa miwani iliyofungwa waya upande mmoja, akasema: "Jikoni tunako kwetu, Bwana. Mashine ndo hatuna."

Huyo alikuwa Mwanaidi. Akenda kwenye mashine. Akauliza maswali kwa Kiswahili, na Bwana Petro akamjibu kwa Kiswahili, na nikaona kitu nilichokuwa nakishuku siku nyingi: darasani, ambako kila kitu ni Kiingereza, mtoto huyu alikuwa haulizi kabisa. Mwalimu wake alikuwa ameniambia ni mzito. Hakuwa mzito. Alikuwa na maswali kumi na hana lugha ya kuyatolea. Tangu hapo nikaweka sheria yangu maabara: kitu kiulizwe kwa lugha yoyote, jibu liandikwe kwa lugha ya mtihani. Wakaguzi wawili walinikataza. Nikasema naam, nikaendelea.

Turudi kwenye nukta. Mimi na Maalim Ussi tulitumia mwaka mzima juu ya nukta. Kupima mchele, kupima joto la mgonjwa, kupima uzi wa cherehani. Ilikuwa kazi isiyo na fahari, lakini mwaka uliofuata Bwana Petro alichukua vijana wawili kutoka kwetu na hakuja tena kujieleza. Mwanaidi akenda chuo, akarudi kwetu kuwa msaidizi wangu. Nilimuuliza kwa nini hakwenda hoteli. Akasema hoteli ina mtambo mmoja tu, skuli ina watoto mia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mwanaidi hasa alitaka niliandike, na ambalo ningeweza kuliruka.

Ilikuwa mtihani wa vitendo wa kemia, kidato cha nne, mwaka wangu wa mwisho kamili kazini. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko meza, kwa hivyo wakagawiwa makundi mawili, asubuhi na mchana. Jaribio lilikuwa lile la kila mwaka: mtoto anavuta magadi makali kwa pipeti, anayatia kwenye chupa na matone ya rangi, kisha anadondoshea asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye alama, mpaka rangi igeuke kutoka manjano kwenda rangi ya chungwa. Anaandika asidi iliyotumika ni kiasi gani. Na skuli nayo inaandika kipimo chake yenyewe kwenye fomu, ili msahihishaji ajue jibu la maabara ile ni lipi.

Siku moja kabla, nilitengeneza asidi kwa madumu mawili, lita kumi kila moja. Madumu yale nilikuwa nimeyachora alama mbili, ya lita kumi na ya kumi na mbili, kwa sababu mwaka uliotangulia watoto walikuwa zaidi. Dumu la kwanza nikalimaliza, nikalipima kwa bureti, likatoa mililita ishirini na tano kamili. Dumu la pili nilipokuwa natia maji, nikaitwa ofisini kusaini makaratasi ya kustaafu. Nikarudi, nikaendelea kujaza. Sikulipima. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka zaidi ya thelathini, na lile la kwanza lilikuwa limetoka vizuri.

Kundi la asubuhi likafanya, likatoka, likawekwa chumba cha pembeni lisionane na wenzao. Kundi la mchana likaingia. Baada ya saa moja, wakaanza kunyoosha mikono.

"Bi, asidi imeniishia."

"Na mimi, Bi."

Nikawaongezea, huku nikisema moyoni kwamba watoto wa siku hizi wanamwaga sana. Naandika haya ili mjue mtu mzima mwenye uzoefu anavyofikiri.

Saa tisa na nusu mtihani ukaisha. Mwanaidi akaanza kukusanya vyombo, mimi nikachukua mabaki ya madumu yote mawili kuyapima, kwa mazoea tu ya kupima baada. La kwanza: ishirini na tano. La pili: thelathini. Nikarudia. Thelathini. Nikaliangalia lile dumu. Mstari wa unyevu uliobaki ndani ulikuwa kwenye alama ya kumi na mbili.

Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Nimezidisha maji lita mbili." Akaketi kwenye stuli.

Wakati huo Maalim Ussi alikuwa ndiye Mwalimu Mkuu wetu. Gari la kuchukua bahasha za mtihani lilikuwa linakuja saa kumi na moja. Nikenda ofisini kwake na ile fomu. Nikamweleza.

"Andika ishirini na tano," akasema.

"Kwa kundi la kwanza nitaandika."

"Kwa wote, Bi Rukia."

"Kundi la pili ni thelathini."

"Nani anajua?"

"Watoto hamsini wanajua. Wameshaandika kwenye karatasi zao."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Ukiandika hivyo, itaonekana skuli hii haijui kutengeneza asidi."

"Nisipoandika, itaonekana watoto hamsini hawajui kusoma bureti. Na asidi haikutengenezwa na skuli. Nimetengeneza mimi. Nitaandika jina langu."

"Umebakisha muda gani?"

"Miezi minane."

"Mimi miwili." Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa jirani, na sote wawili tukangoja mpaka imalize. "Rukia, mimi nimekaa hapa miaka yote hii. Unataka niondoke na hili?"

Hakuwa ameniita Rukia, bila ya Bi, tangu zama za ukwaju. Na wallahi nilimwonea huruma, kwa sababu hakuwa amekosa lolote. Nilisema: "Maalim, wewe ulikuwa ukimnyima maksi mtoto aliyepata jibu bila kuonyesha njia yake. Mimi sina njia ya kufikia ishirini na tano."

Akachukua miwani yake, akainuka. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Tukaenda maabara. Akavaa miwani, akainama, akaifungua bureti mwenyewe, tone baada ya tone, mwalimu wa hesabu ambaye hapendi kitu mkononi. Rangi ikageuka. Akasoma. Akajaza tena, akafanya mara ya pili.

"Basi ni thelathini," akasema.

Nikaandika ripoti ukurasa mmoja: kundi la kwanza, ishirini na tano, kundi la pili, thelathini, sababu, maji yamezidishwa, aliyezidisha, mimi, kwa nini, sikulipima dumu la pili kwa kujiamini. Msimamizi wa mtihani, aliyeletwa kutoka nje ya skuli, akaisoma, akaitia muhuri. Maalim Ussi akasaini chini yangu. Gari likaondoka na bahasha.

Hakusema na mimi wiki tatu, isipokuwa salamu. Watu wa mitihani wakajibu kwa barua fupi: ripoti imepokelewa, kila kundi litasahihishwa kwa kipimo chake. Barua nyengine ikaja, ya onyo, ikaingia kwenye faili langu. Ni ya haki, sikuikatia rufaa. Siku ya kuagwa, Maalim Ussi alizunguka kupeana mikono na wafanyakazi wote, akafika kwangu, akaniuliza kama alama za madumu nimeshazifuta. Nikamwambia nimezifuta siku ile ile. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. Basi, tukawa tumeyamaliza.

Nilidhani na jambo lenyewe limekwisha. Nilikuwa nimesema kweli kwenye karatasi, nimepata onyo langu, watoto wamelindwa. Nililala vizuri.

Matokeo yalipotoka, wanafunzi wakawa wanakuja skuli kuchagua masomo ya kidato cha tano. Siku moja akaja Zulekha, binti wa Bububu, mmoja wa wazuri kabisa katika kemia kwa mwaka ule, mtoto mtulivu ambaye meza yake ilikuwa haidondokewi hata tone. Kanikuta napanga kabati. Akaniamkia, akaniomba nimwonyeshe ofisi ya kubadilisha masomo.

"Kubadilisha nini?"

"Nimeandikiwa sayansi, Bi. Nataka sanaa."

"Na kemia umefaulu."

"Itakuwa ni ile ya kuandika iliyonibeba. Mkono wangu hauko sawa. Kazi ya maabara siiwezi."

Nikamwambia akae. Ikachukua muda kumtoa maneno. Alikuwa kundi la mchana. Walipokuwa wanapanga foleni kuingia, mtoto mmoja wa kundi la asubuhi aliwaonyesha vidole dirishani: viwili, kisha vitano. Kila mtu akaelewa. Akaingia, akapima, akapata thelathini. Akarudia, thelathini. Mara ya tatu, thelathini na nukta moja.

"Nikajua nimeharibu," akasema. "Lakini sikuona njia nyengine. Bureti ilikuwa inasema thelathini."

"Ukaandika nini?"

"Thelathini." Macho yakamjaa machozi. "Wengine waliandika ishirini na tano. Mimi sikuweza, Bi. Basi kama naharibu mara tatu kwa uangalifu wote ule, nitakwenda kufanya nini huko? Nitakuja kumpimia mtu damu vibaya."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilikuwa nimewaandikia watu wa mitihani. Nimemwambia Mwalimu Mkuu, nimemwambia Mwanaidi, nimemwambia mume wangu. Watoto hamsini waliopima dumu lile, sikumwambia hata mmoja. Haikunipitia akilini kwamba wao ndio wa kwanza kustahili kuambiwa.

"Zulekha," nikamwambia, "jibu lako lilikuwa sahihi. Asidi ndiyo iliyokuwa imekosewa, na aliyeikosea ni mimi."

Akanitazama kama hakusikia. Nikamweleza yote, dumu, alama, maji. Nikamtolea nakala ya ripoti, akaisoma mpaka chini.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu, Bi Rukia, nnajilaumu."

Nikamwomba radhi. Akakunja karatasi, akaniuliza: "Kwa hivyo na nukta moja ile ya mara ya tatu?"

"Hiyo ilikuwa yako," nikasema.

Akacheka huku analia. Hakwenda kubadilisha masomo.

Siku ile ile nikachukua orodha ya kundi la mchana, nikaanza na jina la kwanza. Kazi iliyobaki ya mwaka wangu wa mwisho ilikuwa hiyo. Wengine niliwapata kwa simu, wengine nikawafuata majumbani, Ng'ambo, Bububu, Mbweni, mmoja nikamkuta anauza vitambaa dukani kwa mjomba wake. Wengi walikuwa wameshasahau. Wanne hawakuwa wamesahau. Kijana mmoja aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi niliandika ishirini na tano, Bi." Nikamwambia kosa lake lilianzia kwenye langu, na kwamba siku nyengine aandike anachokiona, hata kama watu mia wamemwonyesha vidole. Tukaachana hivyo. Sikutoka kwake mwepesi.

Kwenu mnaoshika funguo za maabara sasa: mtakosea. Andikeni kosa, andikeni na sababu, kisha muwatafute walioguswa nalo kabla hawajaamua kwamba kasoro ni yao. Kisiwa hiki hakina watoto wa kupoteza kwa namna ile.

Katika orodha yangu nimebakiwa na majina mawili. Walishahama, na simu zao hazipatikani. Kama mmoja wenu amefika kuwa mwalimu au fundi na anasoma hapa, na alikaa mchana ule kwenye meza za saruji akapata thelathini: ulisoma sawasawa.